Kuvu Ukutani: Unalipia Nini Unapomwita Mtaalamu?

Haya ni mazungumzo ya afisa wa afya ya umma mbele ya wapangaji, wenye nyumba na wahudumu wa afya ya jamii katika baraza la wakazi mjini Kisumu, baada ya msimu wa mvua ndefu. Yamefupishwa kidogo ili yasomeke.

Chifu, wazee wa mtaa, mama zangu, ndugu zangu na vijana mliosimama kule nyuma kwa sababu viti vimeisha, amosou. Nimeombwa nizungumze kuhusu kuvu, ile ambayo wengine huiita ukungu, inayoota ukutani, kwenye dari, nyuma ya kabati na chini ya godoro. Nitazungumza zaidi kuhusu pesa, kwa maana hilo ndilo swali linaloletwa ofisini. Hakuna anayekuja kuniuliza kuvu ni mmea gani. Watu huja na karatasi ya makadirio mkononi na kuuliza, "Daktari, hii bei ni ya haki?" Mimi si daktari, nimewaeleza mara nyingi, lakini swali ni zuri.

Mwezi uliopita mama mmoja anayekaa kwenye chumba cha kupanga alikuja na karatasi kama hiyo. Chumba chake ni mita 3 kwa 3. Kona moja imepata weusi kuanzia sakafuni hadi magotini. Aliambiwa alipe shilingi 45,000, wapulizie dawa, na kazi itaisha kwa saa 2. Pesa hizo ni kodi ya miezi mingi kwake. Alikuwa amekwisha kuanza kuuliza kwenye chama kama anaweza kukopa, kwa sababu mtoto wake wa mwisho anakohoa usiku. Tulikwenda na mwenzangu kuangalia. Nje ya ukuta ule, gata ilikuwa imeng'oka, na maji yote ya paa yalikuwa yakimwagika kwenye kona ile ile. Dawa ingepuliziwa Jumatatu, mvua inyeshe Jumatano, na kabla mwezi haujaisha weusi ungekuwa umerudi. Deni la chama lingebaki.

Kwa hiyo tuanze hapo. Kuvu ni kiumbe hai. Mbegu zake ni ndogo kuliko vumbi na ziko hewani kila mahali, hapa tulipokaa pia. Huwezi kuzimaliza, na yeyote anayekuahidi nyumba isiyo na mbegu ya kuvu hata moja anakuuzia kitu ambacho hakipo. Zinachohitaji ili ziote ni chakula na maji. Chakula ni rangi, mbao, karatasi ya jipsamu, kitambaa, vumbi lenye mafuta ya kupikia. Huwezi kuondoa hivyo vyote nyumbani. Kilichobaki mikononi mwako ni maji. Kitu kilicholowa kikikauka ndani ya siku 1 au 2, kuvu kwa kawaida haipati nafasi. Kikikaa zaidi ya hapo, inaanza.

Na sisi tunakaa mahali pa maji. Ziwa liko hapa, karibu kila mwezi wa mwaka una mvua yake, na zile ngurumo za alasiri kila mmoja wetu anazijua. Wazee waliopo wanakumbuka mvua za mwishoni mwa 1961, ziwa likapanda zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Sisi wengine tumeona yetu: Mei 2020 maji yalifika kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu mwaka huo wa 1964, na Mei 2024 yakapanda tena. Dunga waliona, Usoma waliona. Kule uwanda wa Kano, kutoka Nyamasaria hadi Ahero, mto Nyando ukivunja kingo zake maji hukaa ndani ya nyumba siku nyingi, maana udongo ule mweusi wa mfinyanzi hauyaachii. Hata bila mafuriko, udongo huo hushika unyevu kama sifongo, na nyumba iliyojengwa juu yake bila ile karatasi nyeusi ya msingi, ambayo mafundi huita DPC, hunyonya maji kutoka chini kama utambi wa taa.

Halafu kuna maji tunayoyatengeneza wenyewe. Watu hushangaa nikisema hivi, lakini gesi ya kupikia ikiungua hutoa maji. Kilo moja ya gesi hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji. Mtungi wako wa kilo 6 ukiisha, umemwaga hewani lita 9 za maji, karibu nusu ya mtungi wa lita 20, bila kuhesabu mvuke wa sufuria yenyewe. Mafuta ya taa ni hivyo hivyo, lita moja ya mafuta hutoa takribani lita moja ya maji. Katika chumba kimoja chenye dirisha lililozibwa kwa kuogopa wezi na mbu, mvuke huo utaenda wapi? Usiku mabati yakipoa, unageuka matone na kuteremka ukutani.

Sasa, kabla ya kutoa shilingi yoyote, jua una shida gani. Si kila doa ni kuvu. Unga mweupe unaochanua chini ya ukuta mara nyingi ni chumvi ya udongo na simiti. Unyunyizie maji: chumvi huyeyuka, kuvu haiyeyuki. Weusi ulio juu ya jiko ni masizi, na hufutika kwa sabuni. Kuvu ina harufu ya kitu kilichofungiwa, na ukiisugua hurudi palepale.

Ukishajua ni kuvu, tafuta maji yanatoka wapi. Kuna kipimo cha bure ambacho ningependa kila mtu aondoke nacho hapa. Chukua kipande cha nailoni ya kufunikia, upana wa daftari lililofunguliwa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini nailoni ya ujenzi bado inauzwa kwa mita. Futa ukuta ukauke, bandika nailoni, uzibe kingo zote 4 kwa utepe, uiache siku 2. Ukikuta matone upande wa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta: msingi, bomba, au mvua inayopiga nje. Ukikuta matone upande wa chumbani, maji yanatoka hewani, kwenye jiko, pumzi na nguo unazoanika ndani. Ukuta wa namna ya kwanza unahitaji fundi. Wa namna ya pili unahitaji hewa. Mtu akikupa bei bila kujua ukuta wako ni wa namna gani, amekadiria mfuko wako.

Nirudi kwa mama yule, tupige hesabu pamoja. Bei nitakazozitaja ni za mfano, wewe weka za duka lako. Sabuni ya unga 100, Jik 200, brashi 150, glavu 100, barakoa 100. Hiyo ni 650. Gata vipande 3 kwa 900 ni 2,700, vishikizo 600, fundi wa siku moja 1,500, msaidizi wake 800. Hiyo ni 5,600. Jumla 6,250. Toa hiyo kwenye 45,000, uone. Na katika hiyo 6,250, zile 5,600 ni za mwenye nyumba, si zake. Nitafika huko.

Lakini nisije nikaeleweka vibaya. Si kila bei kubwa ni wizi. Kuna kazi ambayo kweli inahitaji watu wenye ujuzi, na mwenye nyumba akijaribu kuikwepa atalipa mara mbili. Tuchukue nyumba ya vyumba 2 vya kulala ambayo bomba lilipasuka ndani ya ukuta likavuja miezi kadhaa. Plasta ya mita 12 za mraba imeoza, inatoka kwa kidole. Hapo kusugua hakusaidii, kwa sababu kuvu imeingia ndani. Mafundi 2 kwa siku 3, kila mmoja 1,500 kwa siku, ni 9,000. Wasaidizi 2 kwa siku hizo hizo, 800 kila mmoja, ni 4,800. Mifuko 4 ya simiti kwa 750 ni 3,000. Mchanga 3,000. Kubeba taka 1,500. Nailoni ya kuzibia milango ili vumbi lisiingie vyumba vingine, pamoja na barakoa na miwani ya wafanyakazi, 3,000. Kukodisha mashine ya kukausha hewa na feni kubwa siku 5, kwa 2,000 kwa siku, 10,000. Rangi ya kwanza na ya mwisho, 6,000. Ukijumlisha ni 40,300. Msimamizi na faida ya kampuni, tuseme 10,000. Ni 50,300. Kama kampuni imesajiliwa kulipa VAT, lazima iongeze asilimia 16, yaani 8,048. Unafika 58,348.

Bei hiyo inakaribiana na ile ya kwanza, na inaipita. Tofauti ni kwamba hii ina kazi ndani yake. Ukiniletea karatasi ya 58,000 yenye mistari kama hiyo, nitakwambia zungumza nao, punguzeni hapa na pale. Ukiniletea ya 45,000 yenye mstari mmoja tu, "kuondoa kuvu na kupulizia dawa", nitakwambia rudi nayo.

Wengine mmesoma kwenye simu kwamba Marekani kazi hii ni dola 1,200 hadi 3,800, na mtu wa kampuni akakuonyesha hiyo ili bei yake ionekane ndogo. Kwa shilingi hiyo ni kama 155,000 hadi 490,000. Usikubali ulinganisho huo. Nyumba za kule nyingi ni za fremu za mbao zilizofunikwa bodi za jipsamu, na katikati mmejazwa sufi ya kuzuia baridi. Maji yakiingia humo, ukuta mzima hubomolewa. Na mfanyakazi wa kule hulipwa kwa saa. Ukuta wa tofali na simiti ni kitu kingine. Unaweza kulowa mwezi mzima na bado ukabaki ukuta. Hata hivyo, wenye nyumba mpya za Milimani na Riat, mlioweka dari za jipsamu na kabati za mbao zilizosindikwa mpaka ukutani, ninyi mmejikaribisha kwenye shida ya Marekani. Jipsamu iliyolowa ikaota kuvu haioshwi. Inakatwa na kutupwa.

Basi ni lini umwite mtaalamu na ni lini ufanye mwenyewe? Kipimo kinachotumika sana ni ukubwa. Eneo la kama mita moja ya mraba, yaani nusu ya mlango, mtu mzima mwenye afya anaweza kulisafisha. Zaidi ya hapo, au kama maji yaliyoingia yalikuwa ya choo na mafuriko, au kuvu imo ndani ya dari usikoweza kufika, au paa ni lile la zamani la asibesto, tafuta mwenye ujuzi. Asibesto hasa: usiisugue kwa brashi ya waya, usiikwangue, usimpandishe kijana wa mkono juu yake. Vumbi lake ni baya kuliko kuvu yoyote.

Nani hapaswi kushika brashi hata kama eneo ni dogo? Mwenye pumu. Mama mjamzito. Mtu ambaye kinga yake ya mwili iko chini kwa sababu yoyote ile, na hapa kwetu tunajuana, sihitaji kueleza zaidi. Mwombe jirani au ndugu. Hakuna aibu ndani yake.

Namna ya kusafisha ni hivi. Fungua mlango na madirisha, watoto watoke. Vaa glavu na barakoa, ile nzito ya N95 kama unaipata, maana kitambaa hakizuii mbegu hizi. Lowesha kwanza, usisugue kukiwa kukavu. Osha kwa maji ya sabuni, sugua mpaka itoke. Sabuni na mkono ndivyo vinavyofanya kazi kubwa. Jik inakuja baadaye, kama unaitaka, kikombe kimoja kwa lita 4 za maji, kwenye simiti na vigae tu. Kwenye mbao haizami. Na tafadhali, msichanganye Jik na siki, wala na ile dawa kali ya kusafishia choo, wala na kitu chenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi inayochoma mapafu, na ukiwa umejifungia bafuni unaweza usitoke. Ukimaliza, kausha. Rangi ipakwe ukuta ukiwa mkavu, si kabla. Rangi juu ya kuvu ni chakula cha kuvu.

Hili la dawa ya kupulizia nalisemea tena kwa sababu ndilo linalouzwa zaidi. Mashine inanguruma, moshi mweupe unajaa chumba, unaona kweli pesa yako inafanya kazi. Lakini kuvu iliyokufa ikabaki ukutani bado humchokoza mwenye pumu na mwenye mzio. Lazima iondolewe kwa mkono. Upuliziaji unaweza kuwa hatua ya mwisho ya kazi iliyokwisha kufanywa. Peke yake haufai kulipiwa. Vivyo hivyo wale wanaotaka kwanza kukutoza ada ya kupima hewa ili wajue ni kuvu ya aina gani. Kwa nyumba ya kawaida, matokeo hayo hayabadilishi chochote. Nyeusi, kijani au kijivu, inaondolewa kwa njia ile ile, na maji yanazibwa kwa njia ile ile.

Ukiamua kuajiri, taka makadirio kwa maandishi. Yaseme chanzo cha maji ni nini na nani atakiziba, ni mita ngapi za mraba, nini kitabomolewa, nini kitarudishwa, taka zitaenda wapi, na wakirudi kuvu ndani ya miezi mitatu watafanya nini. Usilipe yote mbele. Wengi hawajui kwamba Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inasema mkataba ukiwa na makadirio, mtoa huduma hawezi kukutoza zaidi ya asilimia 10 juu yake, isipokuwa mmekubaliana upya kuhusu kazi ya ziada. Kwa ile kazi yetu ya 58,348, mwisho wake ni 64,000 na kidogo. Akidai 80,000 kwa sababu "tumekuta mambo mengine", na hukukubali, una mahali pa kusimama. Mkishindwana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kujisimamia bila wakili. Ndiyo maana nasema karatasi. Bila karatasi utakuwa unasimulia hadithi.

Sasa nani alipe, mpangaji au mwenye nyumba? Naona baadhi ya wenye nyumba wameketi wima sasa. Jaduong', tulia, sijaja kukushtaki.

Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kifungu cha 115, inakataza mtu kuacha kero au hali yoyote inayodhuru afya kwenye ardhi au jengo lake. Kifungu cha 118 kinaorodhesha kero hizo, na nyumba iliyo katika hali ya kudhuru afya ni mojawapo. Kifungu cha 119 kinatupa sisi uwezo wa kutoa ilani ya kuondoa kero hiyo kwa muda uliowekwa. Na kinasema wazi kwamba kasoro ikiwa ya ujenzi wenyewe, ilani huenda kwa mwenye nyumba. Gata iliyong'oka, bomba la ukutani, paa linalovuja, msingi usio na kinga, chumba kilichojengwa bila dirisha la kupitisha hewa: hayo ni ya mwenye nyumba. Kuanika nguo ndani kila siku na dirisha lipo, kuziba matundu ya hewa kwa magazeti, kusukuma kabati likagusa ukuta: hayo ni ya mpangaji. Mara nyingi ninachokuta ni mchanganyiko, na hapo mazungumzo ya watu wazima hufaa kuliko ilani.

Nasema hivyo nikijua mazungumzo hayo huenda upande gani. Mwenye nyumba husema, "Mnapika sana." Kule Rochdale, Uingereza, mtoto wa miaka 2 aitwaye Awaab Ishak alifariki Desemba 2020. Wazazi wake walitoka Sudan. Baba yake alikuwa amelalamika kuhusu kuvu tangu 2017, akaambiwa apake rangi juu yake, na lawama ikaelekezwa kwenye namna familia inavyoishi. Novemba 2022 uchunguzi wa kifo uliamua kwamba ugonjwa wa kupumua uliomuua ulitokana na kukaa muda mrefu kwenye kuvu ile. Mwaka uliofuata bunge lao likapitisha sheria ya kuwalazimisha wenye nyumba za umma kushughulikia unyevu kwa muda maalum, na watu huiita kwa jina la mtoto huyo. Simtaji kuwatisha. Watu wengi hukaa na kuvu na hupata mafua na macho kuwasha tu. Ila mtoto mchanga na mwenye pumu wako mahali pengine kabisa. Mtoto akikohoa usiku kwa wiki, akipumua kwa kukoroma kifuani, ubavu ukiingia ndani anapovuta pumzi, usingoje kumaliza kuosha ukuta. Mpeleke kituo cha afya, na umwambie anayemhudumia kuhusu kuvu, maana hataijua asipoambiwa.

Kwa mpangaji nina ombi. Usikate kodi kimya kimya ukatengeneza gata mwenyewe ukidhani mambo yatakuwa sawa mwisho wa mwezi. Andika ujumbe, hata wa simu, weka picha, taja tarehe. Mkikubaliana ulipie kisha ukatwe kwenye kodi, hayo pia yaandikwe. Na kama kodi yako haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, liko Baraza la Kudhibiti Kodi za Nyumba, linaloweza kusikiliza shauri lako.

Niseme machache kwa waliotoka kwenye mafuriko, kisha niruhusu maswali. Msirudi ndani kabla umeme haujazimwa na kukaguliwa. Maji yale yamepita kwenye vyoo vya shimo, kwa hiyo matope yatolewe kwanza, kuta zioshwe kwa sabuni, ndipo dawa. Godoro lililolowa humo halikauki katikati, hata likianikwa juani wiki nzima. Najua bei ya godoro, na najua ni uchungu, lakini usimlaze mtoto juu yake. Nyumba ya udongo ikwanguliwe tabaka lililooza, iachwe wazi ikauke mpaka nailoni ile iseme imekauka, ndipo isiribwe upya. Na mahindi yaliyolowa gunia zima yakaota kuvu, yasiliwe, yasipewe kuku, yasipelekwe kwa wapika pombe. Mwaka 2004 kule Makueni, Kitui na jirani zake, sumu ya kuvu ya mahindi iliua watu 125. Hiyo ni kuvu nyingine na ya ukutani ni nyingine, lakini kwenye nyumba iliyofurika utazikuta pamoja.

Swali la kwanza lilikuwa la kijana pale nyuma, anayetaka kuanzisha biashara ya kazi hii. Fanya, kazi ipo. Nunua barakoa nzuri na kipimo cha unyevu wa ukuta kabla ya kununua mashine ya moshi, na jifunze kuziba bomba na kufunga gata. Ukiweza kumwambia mteja maji yake yanatoka wapi, hutahitaji kumtisha ili akulipe.

Swali la pili, kama sisi hutoza pesa kuja kuangalia nyumba yenye malalamiko. Malalamiko ya kero hupokelewa ofisini na hukaguliwa bila wewe kumlipa afisa chochote mkononi. Akikudai, si wetu, au hafai kuwa wetu. Ukija, beba picha ya ukuta kwa ndani na kwa nje, ujumbe uliomtumia mwenye nyumba, na karatasi ya makadirio kama unayo. Na kile kipande cha nailoni kiache ukutani, tutakikuta.